Dakika ine kando ya ziwa: tusiache tena mtu akufe tukimuangalia

Wakaaji wa Kalemie, baba na mama, wakubwa wa mji, vijana wenzetu,

Kila mara tunaandika hapa ju ya barabara, ju ya maji ya robine, ju ya kodi zenye hazina risiti. Leo tunaandika ju ya jambo lingine. Inatuuma, na tulichelewa kuisema.

Siku moja ya yenga, jua kali, watoto walikuwa wanaoga kando ya ziwa. Mmoja hakurudi. Wavuvi wawili waliruka majini, wakamutafuta, wakamutoa. Kijana wa miaka kama 12. Walimulaza kwa mchanga: macho imefungwa, midomo imebadirika rangi, hajibu, hapumui. Sisi tulikuwa pale. Watu walikuwa wanaongezeka tu, pengine 40, pengine zaidi.

Mtu mmoja alimukamata kwa miguu, akamutundika kichwa chini ili maji itoke. Mwengine akamukandamiza tumbo. Mwengine akasema apakwe mafuta. Wengine walianza kuomba kwa sauti. Na wengine, tuseme ukweli, vijana kama sisi, walitoa telefone wakapiga video. Kiisha wakamukalisha juu ya moto, katikati ya shofere na mtu wa nyuma, kichwa kikiyumba huku na huku, wakaenda mbio. Kule walipofika, muganga aliangalia na kusema: huyu amekwisha kufa.

Tangu anatoka majini mpaka anafika kwa muganga, hakuna hata mtu mmoja aliyemupulizia pumzi. Hakuna aliyemusukuma kifua hata mara moja.

Hatuandiki hii ili tuhukumu wale wavuvi. Wao njo waliingia majini, wakati sisi tulibaki kwa mchanga na viatu vyetu. Tunajihukumu sisi. Kati yetu siku ile kulikuwa watatu wenye license ya chuo kikuu. Tunajua kuandika memwari ya kurasa 60. Tunajua kutaja artikle za Katiba kwa kichwa. Lakini mbele ya mtoto hatukujua mikono yetu miwili inaweza kufanya nini. Dipulome bila kazi inauma. Dipulome yenye haimuokoe mtoto wa jirani inauma kushinda.

Baada ya maziko tulienda kuuliza waganga na wenye kufundishwa mambo ya kusaidia watu. Tulisoma. Yenye tulijifunza si siri ya hospitali, na haiombi mashine. Tunaiweka hapa kwa ufupi, ju mtu akiisoma leo, kesho anaweza kuihitaji.

Mtu akikosa kupumua, damu yake haina tena hewa. Ubongo hauwezi kungojea. Kisha dakika ine hivi, unaanza kuharibika, na kila dakika yenye inapita inaondoa nafasi ya kupona. Sasa hesabu mwenyewe: kutoka kwa mchanga mpaka hospitali, na barabara zetu unazozijua, hata moto yenye inakimbia sana haifiki kwa dakika ine. Njo maana msaada wa kwanza hauwezi kuwa kule. Lazima uwe pale mtu amelala.

Na kwa mtu aliyezama kuko jambo la pekee. Mara nyingi moyo wake haukuwa na ugonjwa wowote. Umesimama ao umekuwa zaifu sana ju hewa imekosa. Kwa hiyo kitu cha kwanza anachohitaji ni hewa. Si kumutundika, si kumukandamiza tumbo. Maji yenye unaona inatoka ukimutundika, mingi inatoka kwa tumbo, na ile ya tumbo inaweza kurudi na kuingia kwa mapafu. Ile wakati unapoteza kwa kumutundika njo wakati alihitaji pumzi yako.

Tusipate haya ju ya ile desturi. Hata Wazungu walikuwa wanafanya hivyo. Mnamo 1767 watu wa Amsterdam walianzisha chama cha kuokoa waliozama katika mifereji ya mji wao, na zamani zile watu wa Ulaya walikuwa wanabingirisha aliyezama juu ya pipa. Waliacha ju waliona haisaidii. Na sisi tunaweza kuacha.

Basi, namna gani kufanya?

Kwanza, angalia usalama wako. Kama mtu angali majini na haujui kuogelea vizuri, usiruke. Mutupie kamba, bidon tupu yenye kufungwa, mti, pagaya. Mara nyingi mwenye kuzama anamushika mwenye kuja kumuokoa, wanakufa wawili. Kama ni waya wa umeme umemukamata, usimuguse mpaka moto ukatwe.

Pili, muite kwa nguvu na umutikise mabega. Hajibu? Piga kelele, watu waje. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo na uinue kidevu, ili njia ya hewa ifunguke. Angalia kifua, weka sikio karibu na pua, usikilize. Usipitishe sekunde 10. Na hapa wavuvi wetu wataelewa upesi: mtu anaweza kufungua mdomo mara moja moja, sawa samaki aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Ile si kupumua. Usidanganyike useme "angali mzima, tumuache apumuzike". Mtu wa namna ile anahitaji msaada sasa hivi.

Tatu, kama alizama, muziba pua, funika mdomo wake na mdomo wako, puliza mpaka uone kifua kinapanda. Fanya hivyo mara 5. Kama kifua hakipande, rekebisha kichwa, jaribu tena.

Ine, weka kisigino cha mkono katikati ya kifua, juu ya mfupa, mkono wa pili juu yake, mikono imenyooka. Sukuma chini kwa nguvu, kwa mtu mzima sentimita 5, usipite 6. Acha kifua kirudi juu, sukuma tena. Haraka: mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ni karibu mbili kwa sekunde. Mama mwenye kutwanga sombe anajua siri: nguvu inatoka kwa mgongo na uzito wa mwili, si kwa misuli ya mikono tu. Sukuma mara 30, puliza mara 2, sukuma tena 30, puliza tena 2. Kwa mtoto, tumia mkono mmoja, sukuma mpaka kifua kishuke sehemu moja juu ya tatu ya unene wake. Kwa mtoto mchanga, sukuma na vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua chake, na pumzi ndogo tu, ile inajaza mashavu yako.

Tano, musichoke mmoja. Kisha dakika mbili, mwengine achukue nafasi bila kukatisha. Watu 40 wa siku ile, kama wangepokezana, wangeweza kusukuma saa nzima. Endelea mpaka apumue, ao mpaka muganga akamate kazi, ao mpaka nguvu imalizike kabisa.

Sita, usimukalishe juu ya moto akiwa hapumui. Juu ya moto hakuna anayeweza kumusukuma kifua. Tuma mtu mwenye moto aende kutafuta gari yenye mtu anaweza kulala ndani, ninyi muendelee pale pale, kiisha muendelee ndani ya gari. Kama ameanza kupumua lakini hajaamka, mulaze kwa ubavu, kichwa nyuma kidogo, matapishi yatoke kwa inje. Ni vile vile kwa mtu mwenye degedege ao mwenye kuzimia: akipumua, mulaze kwa ubavu, na usitie kijiko ao kitu chochote ndani ya mdomo. Na aliyezama, hata kama amesimama na kucheka, apelekwe kwa muganga. Mapafu yenye iliingiwa na maji inaweza kuharibika masaa baadaye.

Kama unaogopa mdomo wa mtu usiyemujua, na tunaelewa woga ule katika nchi yenye ilipita Ebola mara nyingi, sukuma kifua tu. Kwa aliyezama na kwa mtoto haitoshi, lakini inashinda kusimama na kutazama.

Hatutaki kuwadanganya. Kusukuma kifua hakumuamshe kila mtu. Wengi watakufa hata kama tumefanya vizuri. Lakini yenye tulifanya siku ile, matokeo yake ilikuwa moja tu, na tuliijua.

Kuko watu watasema: hii ni kazi ya waganga, ninyi muko nani? Tunawajibu na historia. Ile namna ya kusukuma kifua kwa mikono ilitangazwa na watu watatu wa Johns Hopkins, kule Baltimore, Marekani, mwaka 1960, mwaka ule ule nchi yetu ilipata uhuru. Mkubwa wao, Kouwenhoven, hakuwa muganga. Alikuwa enjenia wa umeme. Tangu mwanzo walionyesha kama ni kazi ya mtu yeyote, fasi yoyote, mwenye mikono miwili. Kisha miaka zaidi ya 60, hapa Kalemie bado tunaiona sawa kitu cha ndani ya filamu.

Na inaweza kubadirika. Katika Danemark, mwaka 2001, kati ya watu 5 ambao moyo wao ulisimama inje ya hospitali, ni karibu mmoja tu alisaidiwa na mpita njia. Serikali ilifundisha watoto wa shule, ikaomba kila mwenye kutafuta permi ya kuendesha gari ajifunze kwanza. Mwaka 2010 walikuwa karibu nusu. Na wenye kuwa wangali hai kisha siku 30 walipanda kutoka 3 na nusu juu ya 100 mpaka karibu 11 juu ya 100. Mambo mengine pia ilisaidia, na Danemark ina ambulansi zenye sisi hatuna. Lakini ju hatuna ambulansi, njo sababu zaidi ya kufundisha jirani.

Wengine watasema: kufa ni mpango wa Mungu, ao ni mambo ya ziwa, kuko kitu ndani yake. Hatubishane na imani ya mtu. Tunasema tu: omba, lakini magoti yako yawe kando ya yule mtoto na mikono yako juu ya kifua chake.

Kuko sababu ya tatu, na hii tuliisikia mara nyingi kushinda zote, kwa sauti ya chini: "Nikimugusa na akufe, watanikamata." Baba mmoja alituambia hivyo bila haya. Anaogopa polisi watamuuliza yeye njo nani, anaogopa familia itamulipisha, anaogopa kufika hospitali na kuombwa makuta kabla mgonjwa hajaguswa. Ule woga si ujinga. Watu wanauona. Lakini sheria ya nchi yetu inaazibu kinyume: ni kumuacha mtu katika hatari wakati ungeweza kumusaidia bila kujihatarisha njo kosa. Na artikle 47 ya Katiba inasema haki ya afya inalindwa. Kazi ya wakubwa ni kufanya ile sheria ionekane mpaka kwa mchanga wa ziwa, ili mwenye kunyosha mkono asijisikie mwizi.

Na hapa tunafika kwa serikali, ju hatutaki mtu achukue andiko letu aseme: "Vijana wamekubali, basi raia wajisaidie." Hapana. Kusukuma kifua ni mlango wa mwisho. Milango ya kwanza ni ya mamlaka.

Tukumbuke Mutambala. Mwezi wa 12 mwaka 2014, ile boti ilitoka hapa Kalemie kuelekea Uvira. Upepo ulipiga, na ilisemwa kama ilikuwa imebeba kupita kiasi. Wakubwa wa mkoa walihesabu maiti 129. Katika kisa kama kile, katikati ya ziwa usiku, hakuna mikono yenye inatosha. Kule, mtu anaokolewa kabla boti haijafungua kamba: kwa kuhesabu abiria, kwa kukataa mzigo wa kupita kiasi, kwa gile ya kuokoa ju ya kila kifua. Kumi na moja kati ya miezi kumi na mbili tunasahau, kiisha chombo kingine kinazama, rambirambi inasomwa kwa redio, na maisha inaendelea. Mwezi wa 10 mwaka 2024 ndugu zetu wa Kivu walilia vile vile, boti yenye ilitoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiangalia kutoka kando.

Shirika la Afya la Dunia linahesabu kama watu 300,000 walikufa kwa kuzama katika mwaka 2021 peke yake. Linaomba nchi zifanye mambo ambayo si ya gharama kubwa: watoto wadogo wawe na fasi salama mbali na maji, wafundishwe kuogelea, vyombo viwe na sheria yenye kufuatwa, mafuriko yatayarishiwe, na wapita njia wafundishwe kuokoa na kufufua. Sisi tuko na ziwa la pili kwa urefu wa kina duniani mbele ya mlango. Tuko na Lukuga yenye inatoka ndani yake na kukata mji. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka ndani ya nyumba za watu. Ile orosha iliandikwa sawa vile wanatujua.

Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima lakini bila kuzunguka:

1. Meri na serikali ya jimbo la Tanganyika ziweke watu wenye kufundishwa, wenye kulipwa, kwenye fasi za kuogelea na kwenye bandari, kwa siku zenye watu wengi, pamoja na kamba, maboya na bidon.

2. Kuwe namba moja ya telefone, ya bure, yenye mtu anajibu usiku na mchana, na gari moja yenye mgonjwa analala. Namba iandikwe kwa rangi kwenye kila soko na kila bandari.

3. Hakuna boti yenye inatoka bila orosha ya abiria, bila gile kwa kila mtu, na bila watu wawili wa ndani wenye kujua kufufua. Wenye kulipisha kodi za boti wanajua kuhesabu makuta. Wahesabu na vichwa.

4. Saa moja ya masomo ya msaada wa kwanza kwa kila darasa la mwisho la shule ya msingi na la sekondari katika jimbo. Wanafunzi wa shule za waganga wako hapa, wawe walimu.

5. Tangazo la wazi, lenye sahihi, kwa polisi na kwa vituo vyote vya afya: mwenye kumuleta mtu aliyezama hafungwi, na mgonjwa anapokelewa kwanza, bei inaulizwa nyuma.

Na sisi? Hatutabaki kwa kuomba tu. Tangu sasa, kila siku ya posho, tutakutana na wenye kujitolea wa Croix-Rouge wenye kukubali, na tutajifunza mpaka mikono ikumbuke yenyewe. Hatuna mwanasesere wa plastiki. Tutatumia gunia lenye kujazwa nguo na chupa ndani yake. Tarehe 25 mwezi wa saba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka ju ya kuzuia watu kuzama, tutashuka kando ya ziwa, tufundishe kila mtu mwenye kutaka: wavuvi, wamama wenye kuuza ndagala, wenye moto, watoto. Hatutaomba franga. Tutakuja bila bendera ya chama chochote.

Na kanuni moja kwa wanamemba wetu wote, kuanzia leo: mtu akiwa amelala chini, telefone inatoka kwa kuita msaada tu. Mwenye kupiga video atatuambia mbele ya wote mikono yake ilikuwa inafanya nini.

Mama wa yule kijana tulienda kumusalimia. Hakutuuliza ju ya serikali. Alituuliza kitu kimoja: "Wanangu, mulikuwa pale?" Tulijibu ndiyo. Hakusema tena kitu.

Siku itakuja, na kwa mji wa maji kama huu haitakawia, yenye mama mwengine atatuuliza vile vile. Tunataka tuweze kumujibu: ndiyo, mama, tulikuwa pale, na hatukusimama tu.

Kalemie iamke. Mikono ishuke kwa kazi.